Herufi Nono za Kemoi

Wiki iliyopita nilikwenda saiba moja, duka la kompyuta, hapa Kericho mjini kumtengenezea mjukuu wangu bango la duka lake la keki. Binti wa pale, Chepkorir, alinigeuzia kompyuta akasema, "Babu, chagua fonti unayotaka." Zilikuwa nyingi ajabu. Nikateremka nazo polepole, maana macho yangu si mazuri, hadi nikaiona ile yangu. Nene, imejaa, ncha zote za mviringo, imeinamia kulia kama mtu anayepanda mlima na mzigo mgongoni.

"Hii hapa," nikamwambia.

Akabonyeza, na jina lote likatokea. Mimi jina kama hilo lingenichukua kutwa nzima.

"Unajua herufi hizi ni za kuandikia nini?" nikamwuliza.

"Vitu za kufurahisha," akasema hata bila kufikiri. "Keki, chipsi, nasari ya watoto. Kitu ya huzuni huwezi andika na hii, babu. Itakaa vibaya."

Alisema kweli. Hata mimi nilifundishwa hivyohivyo. Lakini nilirudi nyumbani moyo ukiwa mzito, kwa sababu kuna mahali pa huzuni nilipowahi kuziandika, na mpaka leo sijui kama nilipaswa. Nyinyi mnaoanza kazi hii ya herufi, hata kama hamjawahi kushika brashi, hebu niwaeleze.

Naitwa Odhiambo. Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, akabaki huku huku. Mimi sikutaka kiwanda. Nilitaka kuandika mabango, na mtu aliyekuwa akiyaandika vizuri kuliko wote alikuwa Mzee arap Chumo, aliyekuwa na kibanda nyuma ya kinyozi mmoja hapa mjini. Mtu mrefu, mkali, asiyependa mazungumzo akiwa na brashi mkononi. Herufi nene za mviringo zilizoinama aliziita herufi nono. Ukiona duka la soda, hoteli au saluni iliyoandikwa hivyo, kuanzia Kiptere mpaka Sigor, ujue mkono ni wake, au wangu nikijaribu kumwiga.

Watu hudhani herufi nono ni rahisi kwa sababu zinapendeza. Ni ngumu. Kwanza, zote ziiname sawa. Mzee Chumo alikuwa na kipande cha mbao alichokikata mshazari, na kabla ya kila herufi alikiegemeza kwenye mstari wa chini akapiga alama ya chaki. Herufi moja ikilala zaidi ya wenzake, jina lote linaonekana limelewa. Pili, ule mwisho wa mviringo. Ukifika mwisho wa mkono wa K usiinue brashi tu, izungushe kidogo kati ya vidole unapoiondoa, ndipo rangi inajikunja yenyewe. Tatu, na hapa ndipo niliaibika, ni tundu. A ina tundu, B ina matundu mawili, O yote ni tundu. Ukinenepesha herufi ovyo, tundu linaziba na ukiwa mbali huoni kitu.

Baa moja ya maziwa karibu na stendi ilinipa kazi yangu ya kwanza peke yangu. Niliandika MAZIWA SAFI, nikazinenepesha zile A mpaka zikaziba. Nilipovuka barabara kutazama, nikaona madoa tu. Mwenye baa akaja akasimama kando yangu. "Fundi," akasema, "hizi ni herufi ama ni ng'ombe wamelala?" Mzee Chumo alicheka siku hiyo. Sikumbuki alicheka siku nyingine.

Sheria yake ilikuwa moja. "Herufi nono inacheka," alikuwa akisema. "Usiipeleke mahali watu hawacheki." Mkulima mmoja wa Chepseon aliyekuwa na josho la ng'ombe alitaka neno SUMU kwa herufi nono nyekundu, kwa kuwa aliziona dukani akazipenda. Mzee akakataa katakata. "Ukiandika SUMU hivyo, mtoto atafikiri ni soda." Akamwandikia kwa herufi zilizosimama wima, zenye kona kali, na mkulima akaenda amenuna. Hospitali, polisi, mahakama, kaburi: huko herufi nono haziendi. Nilishika sheria hiyo miaka mingi bila kuiuliza.

Sasa niwaambie habari za Kemoi.

Kipkemoi arap Rono alikuwa na bekari Chepseon. Mtu mnene, wa kucheka, mwenye sauti ya kuitana hata ukiwa umesimama mbele yake. Aliniita nimwandikie ukuta wa bekari na pikap ya kupelekea mikate. KEMOI BAKERS, nyekundu juu ya rangi ya maziwa. Ukuta ulikwenda vizuri. Pikap ndiyo ilinitoa jasho. Mkiandika gari kwa herufi zilizoinama, mkumbuke hili, kwa maana kompyuta haiwaambii. Upande wa dereva, pua ya gari iko kulia, nazo herufi zinainama kulia, kwa hiyo gari linaonekana lina haraka. Zunguka upande wa pili. Pua iko kushoto, lakini herufi bado zinainama kulia, na sasa zinavutwa nyuma.

Kemoi alizunguka pikap mara mbili ameshika kiuno. "Baba Achieng'," akaniita kwa jina la binti yangu, "hii upande inaenda soko. Hii ingine inatoroka soko!" Akacheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kufuta niinamishe upande ule kinyume, akakataa. "Wacha hivyo. Watu watakumbuka."

Na kweli walikumbuka. Asubuhi pikap ikitokea kwenye kona, hata watoto wasiojua kusoma walikuwa wakipiga kelele, "Kemoi! Kemoi!" Walijua umbo. Hiyo ndiyo kazi ya herufi kama hizo, kutambulika kabla ya kusomwa.

Kemoi alikuwa na mke, Emily, ambaye sisi tulimwita Mama Cherono kwa jina la binti yao mkubwa. Walikuwa na mabinti watatu. Alikuwa pia na kaka yake, Joel, aliyeishi ng'ambo ya ua katika shamba lilelile la baba yao. Joel alikuwa mtu wa kanisa, mzee wa kamati, wa kuvaa koti hata akienda kukama. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa mtu anayetaka kila kitu kisimame wima.

Asubuhi moja ya ukungu, ule ukungu wa kwetu unaolala juu ya barabara usione hata kwato za ng'ombe unayemfuata, Kemoi aliingia nyuma ya lori lililoharibika likaachwa katikati ya mteremko bila taa wala matawi ya kuonya. Alikufa palepale, mikate imetapakaa mpaka mtaroni.

Niliiona pikap ilipoletwa kituo cha polisi. Upande wa dereva ulikuwa umejikunja. KEM ilibaki, zilizofuata ziliingia ndani ya bati. Mama Cherono alikuwa amesimama mbele yake na leso kichwani. Hakuwa akilia. Aliweka kiganja juu ya ile K akakiacha hapo.

"Baba Achieng'," akasema bila kugeuka, "msalaba utaandika wewe."

"Nitaandika, mama."

"Uandike Kemoi. Na hizi."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaona anataka herufi zilezile za pikap. Nikamweleza kwa upole kwamba herufi zile ni za biashara, za furaha, na kaburini watu wataziona ni mzaha. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Cherono ameanza shule juzi," akasema. "Hajui kusoma. Hawa wadogo ndio kabisa. Ukiandika na zile herufi za kanisa, wataona mbao tu. Hizi wanajua. Wakiona hizi wanasema baba amekuja."

Nilikwenda kwa Mzee Chumo. Wakati huo alikuwa ameacha kazi, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, anakaa kwake akiota jua linapopatikana. Nilimweleza yote. Nilitarajia atalegea.

"Hapana," akasema.

"Mzee, ni kwa ajili ya watoto."

"Watoto watakua. Msalaba utabaki unacheka. Mtu akipita miaka ijayo atauliza, hapa kumezikwa nani, mwuza peremende?" Kisha akageuzia uso wake jua. Hakunipa ruhusa, wala hakunipa siku nyingine yoyote. Alikufa bila kukubaliana nami juu ya jambo hilo, na kila nilipomtembelea kulikuwa na kitu kati yetu, kama kiti kilichowekwa vibaya mlangoni.

Seremala wa Chepseon alikuwa amekwisha kutengeneza msalaba wa mbao ya saiprasi, umepakwa nyeupe. Niliukuta karakanani kwake siku moja kabla ya mazishi, na Joel alikuwa hapo na karatasi mkononi.

"Fundi, andika hivi," akasema. "Jina lote. Kipkemoi arap Rono. Alizaliwa, alikufa. Herufi za kawaida, nyeusi."

"Mama Cherono ameniambia vingine."

"Mama Cherono ana uchungu. Mtu wa uchungu hasikizwi sana." Hakusema kwa hasira. "Huyu ni ndugu yangu. Wageni watakuja, pasta atakuja, wakwe watakuja. Unataka waone nini? Tangazo ya mkate?"

Vijana, hakuna chuo kitakachowafundisha cha kufanya mahali hapo. Nilikuwa mgeni kwa wote wawili. Mimi si wa ukoo, si wa kabila, si wa kanisa lao. Ningeweza kusema jamani, zungumzeni wenyewe kisha mniite. Lakini mazishi yalikuwa kesho na walikuwa hawazungumzi.

Nilichora mistari ya chaki. Kwenye mkono wa msalaba nikaandika KEMOI, nono, nyekundu, imeinama. Chini, kwenye mguu, nikaandika jina lake lote na tarehe, nyeusi, wima, kama alivyotaka Joel. Nilidhani nimewagawia sawa. Joel alitazama muda mrefu, akakunja karatasi yake, akatoka bila kuaga.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi mpaka kwenye vichaka vya chai. Msalaba ulipochomekwa, nilisikia ule mnong'ono niliokuwa nikiuogopa. Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Ai, si hiyo ni ya bekari?" Mwingine akacheka kidogo akajizuia. Joel aliposikia kicheko hicho alitoka mstarini, akachukua shada la maua, akalitundika kwenye mkono wa msalaba. Likafunika jina lote. Pasta akaendelea kusoma.

Cherono alikuwa ameshikwa mkono na mama yake. Akatazama maua, akatazama huku na huku, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, wamefunika baba?"

Pasta akaacha kusoma. Mama mzazi wa Kemoi, bibi kizee ambaye watoto walimwita Kogo, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Akainuka kwa taabu, akaenda na fimbo yake, akaliondoa shada akaliweka chini juu ya udongo. Akarudi akaketi.

Mngetaka niwaambie kwamba mambo yakawa mema. Hayakuwa. Joel alisema bekari ni ya boma la baba yake, na boma lilimsikiliza yeye kwa sababu Kemoi aliacha mabinti tu. Kogo alikuwa upande wa mkwewe, lakini alikufa mwaka uliofuata. Mama Cherono alivumilia kidogo, kisha akawachukua watoto wake akarudi kwao Sigor. Nilimsaidia kupandisha vitu kwenye lori. Aliniomba jambo moja, niwe nikiupaka ule msalaba rangi kila mwaka kabla ya Krismasi. "Mimi siwezi kuingia hapo tena," akasema.

Joel alitundika bango la plastiki mbele ya bekari, lenye jina lake, likafunika maandishi yangu. Lakini kuoka hakukujua. Mkate wake uliungua chini na kubaki mbichi katikati, na wenye maduka wakaanza kuchukua mkate wa kutoka Nakuru. Tanuri lilizimwa. Upepo ukalirarua lile bango, vipande vikaning'inia.

Mimi nilikwenda kila mwaka. Nyekundu ndiyo rangi inayokufa haraka kuliko zote, jua na mvua zinaila mpaka inakuwa kama ulimi wa mgonjwa. Nilikuwa nikipiga msasa, nikapaka nyeupe, nikarudia herufi. Ili kufika kaburini ilinibidi nipite uani kwa Joel. Alikuwa akiketi mlangoni. Nilimsalimia, hakuitikia. Miaka yote hiyo hakuwahi kunizuia, na hakuwahi kuitikia.

Halafu mikono yangu ikaanza kutetemeka. Daktari aliipa jina, mimi niliita mwisho wa kazi. Nilifunga kibanda, brashi nikazifunga kwa kitambaa. Wakati huo mashine zilikuwa zimefika mashambani zikikata chai, nyumba nyingi za wafanyakazi tulimozaliwa zimebaki tupu, na mabango yangu yalikuwa yakifunikwa moja baada ya jingine na mabango ya kuchapishwa. Nilijionea huruma, sitaficha. Krismasi zikapita bila kwenda Chepseon. Nilisema nitakwenda kufanya nini na mkono huu?

Mwaka huu, baada ya mvua ndefu kuisha, nilikwenda. Nilitaka tu kuuona kabla sijashindwa hata kutembea. Nilitegemea kukuta mbao tupu.

Msalaba ulikuwa mpya kwa rangi. Nyeupe imepakwa nene mpaka ikachuruzika. Na juu yake, KEMOI, nyekundu. Nono. Lakini jamani, ile kazi! K ilikuwa imesimama karibu wima. E imeinama sana, M imeinama kidogo, na O ilikuwa kama kiazi kilichokanyagwa. I peke yake ndiyo ilikuwa ya heri.

"Ni mimi," sauti ikasema nyuma yangu.

Joel alikuwa ameegemea mkongojo. Amekonda, koti limekuwa kubwa kwake. Mkewe alikwisha kufa na watoto wake wako mijini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake tangu karakana ya seremala.

"Cherono alikuja Disemba," akasema. "Siku hizi ni mwalimu. Hakuingia kwangu. Alisimama hapa. Rangi ilikuwa imebaki kidogo tu, kwenye hiyo K. Akaigusa na kidole, ikabanduka yote. Akashika hicho kipande kwa mkono, akatafuta mahali ya kuweka, hakupata. Akaenda nacho." Akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa naangalia kutoka kwa dirisha."

Alikuwa ametumia brashi ya kupakia mikebe ya mkate mafuta, ndicho kitu alichokuta ndani ya bekari. Akanionyesha. Manyoya yalikuwa yamegeuka mawe kwa sababu hakujua kuyaosha kwa tapentaini.

"Rekebisha basi, fundi."

Nikamnyooshea mkono wangu auone unavyotetemeka. Akautazama, akatingisha kichwa.

Tukakaa juu ya gogo, wazee wawili. Nilimweleza habari ya kile kipande cha mbao cha mshazari, na vile anavyopaswa kuzungusha brashi mwishoni. Alisikiliza kwa makini, akauliza maswali ya maana. Mzee Chumo angekuwapo angesema nilikosea mara ya kwanza na sasa nimempata wa kukosea naye. Labda. Sina hakika hata sasa. Najua tu kwamba mtoto yule alikuja kutoka Sigor akiwa mtu mzima anayesoma vitabu vizima, na alichokigusa ni ile K.

Nilipoinuka kuondoka Joel alinisindikiza mpaka kwenye lango, polepole.

"Utamwona Mama Cherono?"

"Nitapita Sigor mwezi ujao, Mungu akijalia."

"Usimwambie ni mimi."

"Siku Cherono akimwonyesha picha ya msalaba atajua," nikasema. "Anaujua mkono wangu. Ataona huu si wangu."

Alitazama chini, akachimba udongo kwa ncha ya mkongojo wake. Nilidhani amemaliza, nikafungua lango.

"Basi mwambie," akasema, "hiyo O ilinishinda."